Arusha ipi? Majibu kuhusu mipaka, idadi ya watu na maji ya Arumeru

Barua nyingi safari hii zimetoka pembezoni mwa jiji, ambako mtu akiulizwa anakaa wapi hujibu "Arusha" na kuishia hapo. Tumezipunguza urefu, majibu hatukuyapunguza.

SWALI: Kwenye kikao chetu mjumbe mmoja alisema Arusha ina watu 617,631, mwingine akasema 449,518, na wa tatu akaja na milioni mbili na ushee. Nani mkweli? (Msomaji, Kiranyi)

Wote watatu ni wakweli, ila kila mmoja alikuwa na Arusha yake kichwani.

Milioni mbili na ushee ni Mkoa wa Arusha: Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,356,255. Takwimu ya 617,631 ni Jiji la Arusha. Ile ya 449,518 ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, ambayo imelizunguka jiji, na hiyo ndiyo yako wewe wa Kiranyi. Upande wa mashariki inapakana na Meru, magharibi Monduli, kaskazini Longido, na kusini inafika mpakani mwa Mkoa wa Manyara. Kiranyi, Ilboru, Moivo na Sokon II zote ni kata za halmashauri hiyo, ingawa nyumba zake zimeshikana na za jiji kiasi kwamba mgeni hawezi kujua alipovuka mpaka. Sokon I iko jijini, Sokon II iko nje.

Kinachowavuruga wengi ni Arumeru. Wilaya ya Arumeru ipo na ina mkuu wa wilaya wake, lakini ndani yake kuna halmashauri mbili: ya Arusha na ya Meru. Sensa ya 2002 iliitaja Arumeru kwa mstari mmoja. Za 2012 na 2022 zimetoa halmashauri mojamoja. Kwa hiyo anayeitaka Arumeru nzima sharti ajumlishe mwenyewe: 449,518 za Arusha na 331,603 za Meru, jumla 781,121. Maana yake ni kwamba Arumeru, ambayo watu wanaiita "nje ya mji", ina watu wengi kuliko mji wenyewe kwa zaidi ya laki moja na nusu.

Kwenye kikao kijacho, anayetaja idadi aulizwe kwanza ni ya mkoa, jiji au halmashauri, halafu ni ya mwaka gani. Na jina peke yake lisiwadanganye. Hifadhi ya Taifa Arusha iko Meru. Arusha Chini nayo iko Moshi Vijijini, jirani na mashamba ya miwa ya TPC.

SWALI: Mume wangu ni mpishi wa safari. Usiku wa sensa alikuwa kambini Seronera. Alihesabiwa kwetu Mlangarini au kule? (Mama wa watoto watatu, Mlangarini)

Kule, mama. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala, na usiku wenyewe ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Seronera iko Mkoa wa Mara, basi mumeo yumo kwenye watu wa Mara. Waliolala hotelini, hospitalini na safarini nao waliwekewa utaratibu wao, na watalii wa kigeni waliokuwa nchini usiku ule wamo pia.

Hili lina uzito wake huku kwetu. Agosti ndiyo kilele cha msimu wa utalii. Madereva, wapishi na wapagazi wako porini na mlimani. Kata zenye watu wengi wa kazi hizo zilihesabiwa wakiwa hawapo.

SWALI: Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne ameandika kwamba Halmashauri ya Wilaya ya Arusha ilikua kwa asilimia 3.9 kwa mwaka kati ya 2012 na 2022. Kitabu cha sensa kinasema 3.3. Amekosea wapi? (Mwalimu wa jiografia, Ilboru)

Mwalimu, kosa hili hata maofisa wanalifanya. Mwanafunzi amechukua 323,198 za mwaka 2012 na 449,518 za 2022, akaona ongezeko la watu 126,320, sawa na asilimia 39.1. Hadi hapo yuko sahihi. Kisha akagawa kwa miaka kumi, akapata 3.9. Hapo ndipo alipoteleza, kwa sababu watu huongezeka juu ya ongezeko: waliozaliwa na waliohamia mwaka wa kwanza wamo kwenye hesabu ya mwaka wa pili, na kuendelea.

Mwelekeze hivi. Gawa idadi mpya kwa ya zamani: 449,518 ÷ 323,198 = 1.3908. Laza simu ili kikokotoo kilete alama ya ln (logarithimu asilia), kisha tafuta ln ya 1.3908, utapata 0.3299. Gawa kwa 10, zidisha kwa 100: 3.3.

Ubaya wa kosa hili kwa Arusha ni kwamba jibu lake linafanana na ukweli wa mahali pengine. Jiji, kutoka 416,442 hadi 617,631, lilikua kwa asilimia 3.9 kwa njia sahihi. Asiyejua akiweka 3.9 ya njia ya mkato kando ya 3.9 ya kweli, atahitimisha kwamba pembezoni na jiji vinakua sawasawa. Havikui sawa. Meru ndiyo iko nyuma kabisa, 2.1, kutoka 268,144 hadi 331,603.

Darasa likitaka makadirio, mwambie kila mmoja aandike neno "makadirio" mbele ya jibu. Kwa kasi ileile ya 3.3, halmashauri hiyo ingekuwa na watu karibu 496,000 mwaka 2025 na kama 625,000 mwaka 2032. Hiyo ni kasi ya halmashauri nzima lakini. Kuitumia kwa kata mojamoja ni makosa, kwani Kiranyi inayopokea wapangaji kutoka mjini na Mwandeti yenye wafugaji haziwezi kwenda mwendo mmoja.

SWALI: Dalali ananiuzia kiwanja cha 20 kwa 20 na anasema kiko jijini, LUKU ipo na maji ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, yapo. Lakini barua ya utambulisho ina muhuri wa kijiji. Niamini kipi? (Kijana, Njiro)

Amini muhuri. Jiji lina kata na mitaa. Halmashauri ya wilaya ina kata, vijiji na vitongoji. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kuwa na eneo ndani ya jiji. Mahali pa kuangalia kwa makini ni mji mdogo kama Ngaramtoni: pana sura ya mji na pana mamlaka yake, lakini bado pako chini ya halmashauri ya wilaya, na ngazi ya chini ni kitongoji.

LUKU haithibitishi chochote, umeme hauna mpaka wa halmashauri. Bili ya AUWSA vilevile, maana mamlaka hiyo inahudumia hadi Usa River na Ngaramtoni. Bei pia si ushahidi, ingawa dalali ndiyo anayoitegemea.

Fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Simama katikati ya kiwanja, chukua majira ya nukta (GPS) kwa simu, nenda nayo idara ya ardhi ya halmashauri yenye muhuri ule, uombe waoneshe kiwanja kwenye ramani: ni ardhi ya kijiji, au ni eneo lililopangwa na kupimwa? Kama limepimwa, dai namba ya kiwanja na kitalu, uhakikishe zinalingana na bikoni (alama za mipaka) zilizo ardhini. Kama ni ardhi ya kijiji, sheria inayohusika ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na anayeridhia si mwenyekiti peke yake mezani kwake. Ni halmashauri ya kijiji ikiwa imekaa kikao. Omba nakala ya muhtasari wenye tarehe na mahudhurio. Watu wengi wameingia mkenge wakiwa na karatasi yenye mihuri mitatu na hakuna kikao kilichokaa.

Jambo la mwisho: ardhi nyingi ya miteremkoni ni ya ukoo. Sahihi ya mzee bila ya mkewe haikutoshi. Kama ana wake wawili, ulizia wote.

SWALI: Sisi wa Oldonyosambu tunaona mlima uleule wanaouona wenzetu wa Bangata. Wao wamebanana kwenye migomba, sisi tuna vumbi, na maji tunayochimba yanawaharibia watoto meno. Kwa nini? Na tufanye nini? (Mzazi, Oldonyosambu)

Mlima ni mmoja, pande ni mbalimbali. Mlima Meru una urefu wa kama mita 4,560, na pepo zenye unyevu zinatoka Bahari ya Hindi, upande wa kusini mashariki. Zikigonga mlima zinapanda, zinapoa, zinamwaga mvua kwenye miteremko ya kusini na mashariki. Zikifika kwenu kaskazini magharibi zimekwisha nguvu. Ndiyo maana ukanda wa migomba na kahawa ni mwembamba: juu unazuiwa na msitu wa hifadhi, chini unakatwa na ukame. Watu wamejibana humo kizazi baada ya kizazi, shamba la babu likigawanywa kwa wana, hadi sehemu nyingine limebaki uwanja wa nyumba na migomba ya kuhesabika. Ukiona takwimu ya watu kwa kilomita ya mraba ya halmashauri nzima, ujue imechanganya msitu usio na nyumba, mteremko uliojaa na mbuga za Kisongo na Oljoro. Haimwelezi mtu yeyote anayeishi humo.

Maji yenu yanaharibu meno kwa sababu ya floraidi. Miamba na majivu ya volkano ya Meru yana floraidi nyingi, na maji yanayokaa ardhini muda mrefu huiyeyusha. Kuchimba zaidi si dawa. Kisima kirefu mara nyingi kina floraidi zaidi, na visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana sana. Kiwango cha juu kinachokubalika nchini sasa ni miligramu 1.5 kwa lita. Zamani kilikuwa 4.0. Huwezi kuiona wala kuionja, hivyo peleka sampuli maabara ya maji.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo sufuria iliyochemka sana inazidi kuwa mbaya. Vidonge vya klorini vinaua vijidudu tu. Na magadi mnayotia kwenye maharage au makande yana floraidi pia. Mama aliyekwisha kutenga maji mazuri ya kupikia halafu akatia magadi amerudisha alichoondoa.

Kinachosaidia ni maji ya mvua, kwa kunywa na kupikia tu. Pima eneo la ardhi lililofunikwa na bati, si mteremko wa bati lenyewe. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 600. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 480. Familia ya watu watano inayotumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika inahitaji lita 3,825 kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba. Simtanki la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa masika linawavusha. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iacheni ioshe bati, msiikinge.

Tanki likiwa dogo, changanyeni. Kisima chenye miligramu 6 kwa lita, lita moja ikichanganywa na lita tatu za mvua, inashuka hadi 1.5. Lakini lazima mjue kwanza namba ya kisima chenu. Chujio la mkaa wa mifupa nalo linafanya kazi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelishughulikia kwa miaka; shida yake ni kwamba mkaa huchoka na maji yanaendelea kutoka safi machoni kama kawaida. Bila kupima tena hamtajua lini umekwisha. Maji yenye floraidi kidogo wapeni kwanza watoto walio chini ya miaka minane, maana meno yao ya ukubwani bado yanajengeka. Meno yaliyokwisha kuota na madoa hayarudi.

SWALI: Mbona Moshi Vijijini ina watu zaidi ya mara mbili ya Moshi Mjini, tena haikui kama Arumeru? (Msomaji, Himo)

Mwaka 2022 Halmashauri ya Wilaya ya Moshi ilikuwa na watu 535,803, manispaa 221,733. Manispaa ina eneo dogo sana, halizidi kilomita za mraba 60, na vijijini kunaizunguka pamoja na vihamba (mashamba ya nyumbani) vyote vya Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu. Kukua: vijijini asilimia 1.4 kwa mwaka, manispaa 1.85. Familia zinazaa watoto wachache, na vijana wanaondoka kwenda Dar es Salaam, na Arusha pia. Umati unaouona Desemba haumo kwenye hesabu, sensa ni ya Agosti.

SWALI: Naweza kupata idadi ya watu wa kata yangu bila kulipa? Naihitaji kwa maombi ya zahanati. (Mtendaji mpya wa kijiji, Musa)

Ndiyo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeweka ripoti za Sensa ya 2022 kwenye tovuti yake, unapakua bure. Tafuta ile ya mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala, fungua Mkoa wa Arusha, kisha shuka hadi Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, si Jiji. Majina ya baadhi ya kata yanafanana. Andika namba ya ukurasa kwenye barua yako ya maombi ya zahanati, ili afisa mipango asianze kuitafuta upya.