Kabla hujagusa ruta ya mteja

Kijana anayeanza kazi ya kufunga mitandao hujifunza kwanza kubadilisha paswedi ya waifai, kwa sababu ndiyo wateja wanayoiulizia. Mwenye nyumba kaona intaneti inasuasua, kahisi wapangaji waliohama bado wanaitumia, kakuita. Unabadilisha, unalipwa, unaondoka. Lakini ruta ina paswedi nyingine, ile ya kuingilia kwenye ukurasa wake wa mipangilio, na mara nyingi hiyo imeachwa admin na admin kama ilivyotoka kiwandani. Aliye nayo akishaingia anaisoma ile ya waifai bila jasho, na anaweza kufanya makubwa kuliko kutumia intaneti ya bure. Kwa hiyo mdogo wangu, anza na hiyo ya pili.

Kwanza ujue mlango uko wapi, yaani anwani ya ule ukurasa wa mipangilio. Usikariri namba, iulize simu au kompyuta iliyounganishwa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, tazama mstari wa Default Gateway. Kwenye simu, gusa jina la waifai na usome maelezo yake. iPhone huandika Router, simu nyingi za Android huandika Gateway. Utakutana sana na 192.168.1.1 na 192.168.0.1. Ruta za Huawei za kuweka laini ya simu hupenda 192.168.8.1, vile visanduku vyao vya faiba 192.168.100.1, na MikroTik hutoka kiwandani na 192.168.88.1. Usishangae kukuta namba ileile Mwanza na Mombasa. Anwani zinazoanza na 192.168, zinazoanza na 10, na zile za 172.16 hadi 172.31 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu, kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 1996, na hazisafiri kwenye intaneti ya nje.

Namba hiyo iandike kwenye kivinjari. Ukurasa ukigoma kufunguka, usikimbilie kusema ruta imekufa. Ukiona majibu ya Google badala ya ukurasa wa kuingia, tanguliza http:// mbele ya namba. Angalia kama hujaandika herufi l mahali pa tarakimu 1. Kama unatumia simu, zima data: waifai isiyo na intaneti huifanya simu ihamie kwenye laini kimyakimya, na huko hakuna ruta ya mteja wako. Na kuna mtego unaowasumbua wengi: mteja kanunua ruta yake dukani akaichomeka nyuma ya ile ya mtoa huduma. Hapo kuna milango miwili. Unaobadilisha ni ule uliounganishwa nao, na ule wa mbele umebaki wazi. Fuata waya kwa macho hadi unapoingilia ukutani ndipo utajua.

Kivinjari kikionya kwamba ukurasa si salama, hilo kwa ruta ni la kawaida, maana cheti chake cha utambulisho hakitambuliki na kivinjari, au haina kabisa na inatumia http tupu isiyoficha unachoandika. Ndiyo maana napendelea waya wa LAN kuliko waifai ninapofanya kazi hii. Lakini mwambie mteja kwamba ruhusa ya kupita onyo hilo inaishia hapo kwenye ruta. Onyo hilohilo likitokea kwenye ukurasa wa benki, afunge.

Ukishaingia, usibadilishe kitu. Nenda kwenye ukurasa wa WAN, upande wa ruta unaotazama intaneti ya nje, uupige picha. Pale kuna aina ya muunganisho, jina la mtumiaji la PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha kwa mtoa huduma) kama lipo, na namba ya VLAN inayotenganisha njia ndani ya waya mmoja. Hapa nasisitiza kwa sababu mafundi wapya wanakipenda mno kile kitundu cha reset. Unachoma pini, unashikilia kama sekunde kumi, paswedi iliyosahaulika inafutika, na pamoja nayo inafutika mipangilio yote iliyomfikisha mteja kwenye intaneti. Paswedi ya PPPoE kwa kawaida huonyeshwa kama nukta, kwa hiyo hata picha haitakuokoa. Lazima iombwe kwa mtoa huduma. Duka linalopokea malipo kwa mtandao litakaa limezimika mpaka mtu apokee simu upande wa pili. Reset iwe ya mwisho, na iwe baada ya kumpigia mtoa huduma, si kabla.

Sasa badilisha paswedi ya ruta. Ndefu, na tofauti kwa kila mteja. Fundi anayewawekea wateja wake wote paswedi moja amewafunga kamba moja: ikivuja ya mmoja, zimevuja zote. Iandike kwenye karatasi, mkabidhi mwenye nyumba mkononi, na usiibakize kwenye kundi la WhatsApp. Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2016, programu hasidi ya Mirai ilipozunguka intaneti ikijaribu jozi 60 na ushei tu za majina na paswedi za kiwandani. Ilitosha. Kamera, vinasa video na ruta zilizokusanywa kwa njia hiyo zilitumika tarehe 21 Oktoba kuizidi nguvu kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti kubwa, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix.

Kisha tazama DNS, sehemu ambayo wengi wanaipita. DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Anayeiteka anaamua mteja wako apelekwe wapi hata akiandika jina sahihi. Programu hasidi ya DNSChanger, ambayo FBI iliwafikia wahusika wake mwaka 2011, ilifanya biashara nzima kwa mbinu hiyo, na ilijua pia kujaribu paswedi za kiwandani za ruta. Ukikuta namba ambazo si za mtoa huduma wala za huduma inayojulikana, mfano 8.8.8.8 au 1.1.1.1, muulize mteja nani aliziweka. Akiwa hajui, ziondoe, na chukulia kwamba kuna mtu alishaingia.

WPS izime. Ni kile kitufe cha kuunganisha bila paswedi, na shida yake ni ile PIN ya tarakimu nane. Mtu anadhani kuna mamilioni ya kubahatisha. Sivyo. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile saba, na ruta hukagua nne za kwanza peke yake, halafu tatu zinazofuata peke yake. Hivyo ni 10,000 kujumlisha 1,000, yaani majaribio 11,000 kwa wingi wake, kazi ya saa chache kwa kompyuta. Mtafiti wa usalama Stefan Viehböck alilianika hili Desemba 2011, na bado nakutana na ruta zenye WPS iliyowashwa.

Kwenye aina ya usalama wa waifai chagua WPA3, ulinzi mpya zaidi, au WPA2 yenye AES kama vifaa ni vya zamani. Kuficha jina la waifai hakumzuii mwenye nia, usipoteze muda huko. Lakini kwa gesti, mgahawa au ofisi, waifai ya wageni iliyotengwa ni lazima. Mashine ya kaunta haipaswi kukaa mtandao mmoja na simu za wapita njia.

Sasisha programu ya ruta. Mwaka 2018 MikroTik, ambayo wauzaji wengi wa intaneti ya mitaani huku kwetu wanaitumia, ilitoa marekebisho ya tundu kubwa la usalama mwezi Aprili. Miezi baadaye maelfu kwa maelfu ya ruta ambazo hazikusasishwa zilikuwa zinawachimbisha wateja sarafu za kidijitali bila wao kujua. Dawa ilikuwepo, wengi hawakuichukua.

Gusa tu ruta ya aliyekuita. Kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na Kenya ina sheria yake ya 2018. Kukuta admin na admin si idhini.

Kabla hujafunga begi, zima Remote Management, yaani ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje, kisha ujaribu. Ingia waifai ya wageni, andika anwani ya ruta: ukurasa usifunguke. Halafu hamia data ya simu yako, andika anwani ya nje inayosomeka kwenye WAN: nayo isifunguke. Kama hiyo ya WAN inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na jaribio lako la nje halithibitishi kitu. Hapo rudi ndani uhakikishe kwa macho kwamba alama ya kuruhusu usimamizi wa mbali imeondolewa, na ubonyeze Save.