Mahari, msiba na kura: nimtii mchungaji au ukoo? (jibu kwa kijana wa Mbozi)

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja kabla ya kushika simu kujibu. Umeokoka, unataka kuoa binti wa Rungwe, na wazee wake wametaja ng'ombe pamoja na pombe ya wazee. Mchungaji wako amekukataza kukanyaga kikao cha mahari, wala usilale kwenye misiba ya ukoo, kwa kuwa hayo ni mambo ya mila. Jumapili hiyohiyo akamtaja madhabahuni mgombea udiwani ambaye kanisa zima limpigie kura, na wanaume wahakikishe wake zao wanafuata. Unauliza umtii nani.

Nimekulia Tukuyu kwenye nyumba ya Wamoraviani, nimeoa Kilolo kwa Wahehe, na sasa ni mzee wa kanisa la kilokole hapa Uyole. Kwa mtazamo wangu, nyumba unayotaka kuijenga mtaitolea hesabu wewe na mkeo mbele za Mungu. Mchungaji ni wa kukufundisha na kukuombea, ukoo ni wa kukulea na kukushika mkono. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepewa kukaa kwenye kiti chenu.

Tuanze na mahari. Nilipopeleka posa, mshenga alirudi na majibu: ng'ombe, blanketi la bibi, mkaja wa mama, na ulanzi, pombe ya mianzi, wa wazee. Walokole wenzangu walinishauri nitume hela tu, nisionekane pale. Nilikataa. Nikamrudisha mshenga aseme kwa heshima zote kwamba kijana huyu hanywi wala hanunui pombe, na yakifika mambo ya kuwaita mizimu ataomba kutoka nje, ila mengine yote atayatimiza. Wazee wakateta, wakasema ulanzi watajinunulia, mimi nilete soda. Siku ya kikao, mzee wao aliposhika kibuyu ili amwage kinywaji chini na kuwataja waliotangulia, niliomba ruhusa, nikakaa uani mpaka nilipoitwa. Hakuna aliyenuna. Baba mkwe aliniambia baadaye kuwa mtu anayesema mapema asichokitaka hana wasiwasi naye. Wasiwasi wake ni kwa yule anayekunywa nao kikaoni halafu Jumapili anawahubiria.

Kisheria hata usipotoa ng'ombe mmoja ndoa yako inasimama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba kutotimiza mila ya mahari hakuibatilishi ndoa. Kwa hiyo usitoe kwa woga. Toa kwa sababu kikao kile ndicho kinachokupa watu: wajomba na mashangazi watakaokesha nanyi siku nyumba ikiyumba, wakati mchungaji amehamishiwa kanisa lingine. Ila wakipandisha mpaka ufikirie mikopo ya kausha damu, sema huwezi, na uombe kulipa kidogo kidogo. Wanyakyusa wa Rungwe ninaowafahamu mimi wanapokea ng'ombe wa ahadi.

Na usitishwe na anayekuambia kwamba kauli ya mchungaji juu ya ukoo ni amri ya mbinguni. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na zama zile mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Babu yangu alikuwa na wake watatu. Bibi zangu wote walibatizwa. Yeye akafa bila ubatizo, kwa sababu hakuwa tayari kuwafukuza akina mama wawili na watoto wao wakahangaike. Hilo linaniuma hadi leo. Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipokutana kwenye Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988 walikubali kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, akiahidi kutooa tena, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa ajili ya mateso yatakayompata mwanamke huyo. Mimi nasimama kwenye mke mmoja na sitikisiki. Lakini watu wa Mungu wameliangalia upya jambo zito kama hilo, sembuse kikao cha posa!

Msiba sina maneno mengi. Nenda, pasua kuni, chimba kaburi, lala pale na wenzako, toa rambirambi. Tambiko likianza, ondoka kidogo. Wokovu ulitutoa kwenye tambiko, haukututoa kwa ndugu zetu. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani, na akasema ni mbaya kuliko asiyeamini.

Kwenye kura nitakuwa mkali. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 3, inasema nchi hii haina dini, na ibara ya 20 inazuia kusajiliwa kwa chama cha kutetea maslahi ya dini fulani. Wapo walokole wanaoona hilo ni pigo kwa imani. Mimi naona limetulinda, maana siku serikali ikichagua dini itachagua na dhehebu, na sisi wa makanisa madogo ndio tutakaoumia. Mwaka mmoja wa uchaguzi alikuja kwetu mgombea na ahadi ya mabati, akataka kipaza sauti. Wazee tulimkaribisha aabudu, tukamwombea kama tunavyomwombea mtu yeyote, kipaza sauti hatukumpa. Mabati hayakuja. Tuliezeka kwa sadaka zetu, ikachukua muda mrefu, na hadi leo waumini wa vyama tofauti wanakaa benchi moja.

Hiyo haina maana kanisa lifunge mdomo. Maaskofu wa Kanisa la Kilutheri, KKKT, walipotoa waraka wa Pasaka mwaka 2018, Taifa Letu Amani Yetu, waligusa haki, uhuru na katiba mpya bila kumpigia kampeni mtu. Mchungaji wako akikemea rushwa ya kanga na chumvi nitampigia makofi. Kukutajia jina la kuweka tiki si kazi yake.

La wake zetu ndilo lililonikera zaidi. Waefeso 5, kabla ya kumwambia mke amtii mumewe, inaanza na kunyenyekeana ninyi kwa ninyi. Mimi na mke wangu tumewahi kuwapigia watu tofauti, tukarudi nyumbani tukala ugali mmoja. Umwambie mchumba wako mapema kwamba kura yake ni yake.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa mchungaji wewe mwenyewe, usimtumie ujumbe, umweleze utakwenda kwenye kikao na ni jambo gani hutashiriki. Mwombe akupe mzee mmoja wa kanisa aongozane na mshenga. Wengi hulainika wakiona hujawaficha. Akikubali, andikisha kusudio la ndoa mapema, kwa kuwa sheria inataka siku 21 za tangazo. Akikataa kabisa kuwafungisha, rudi hapa kwenye uzi useme, tuone namna ya kukusaidia.