Jibu: Bando la simu au faiba kwa gemu za onlaini
Mkuu, umeuliza kama hapo Shangani Mtwara uendelee kucheza mpira kwenye PS4 kwa hotspoti ya simu au uvute faiba (intaneti ya waya hadi nyumbani). Kama faiba imefika mtaani kwako vuta tu kaka, gemu lenyewe halili MB nyingi kivile (apdeti ndo zinamaliza bando), kinachoua ni pingi (muda wa data kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi) kurukaruka, kwenye simu mnara mnagawana mtaa mzima, ikifika saa mbili usiku kwangu inatoka milisekunde 60 inaruka hadi 300, unabonyeza pasi mchezaji kasimama tu, beki keshaondoka na mpira, inauma sana. Faiba inatulia. Ila chomeka waya toka kwenye ruta, waifai ikipita kuta mbili za tofali inachoka. Bando liache la akiba faiba ikikatika.