Radi ya njano kwenye skrini: PlayStation inakwama kwenye Raspberry Pi 4

Swali: Habari fundi. Nina Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) ya RAM GB 2, nimeiwekea RetroPie, programu ya kuchezea michezo ya mashine za zamani, kwenye kadi ya GB 32. Michezo ya NES, mashine ya zamani ya Nintendo, inachezeka bila shida. Ya PlayStation ya kwanza niliihamisha na flashi ikiwa zip, na haionekani kabisa kwenye menyu. Mmoja tu, wenye faili ya cue, ndio umefunguka, lakini unakwama, sauti inakatakata, na alama ya radi ya njano inatokea konani mwa skrini. Natumia chaja ya simu ya kuchaji haraka, wati 33. Je, ninunue Pi 5? – Msomaji, Umoja, Nairobi

Jibu: Pesa ya Pi 5 iache mfukoni. Ubao huo unataka chaja ya volti 5 na ampea 5. Ukiupa ya ampea 3, unapunguza stima ya matundu ya USB hadi ampea 0.6. Ungehama na tatizo lako. PlayStation ya kwanza si mzigo kwa Pi 4, na GB 2 zinatosha. Una shida mbili zisizojuana: ya kwanza ni stima, ya pili ni faili.

Radi hiyo hutokea volti zinaposhuka chini ya 4.63. Wati 33 za chaja yako ndizo zinazokupotosha. Chaja ya haraka hufikisha wati hizo kwa kupandisha volti baada ya kuelewana na simu. Pi 4 haijui mazungumzo hayo, basi chaja inabaki kwenye volti 5, na hapo huenda ina ampea 2 tu. Usisome wati, soma yale maandishi madogo ubavuni, pale palipoandikwa 5V.

Hata ampea zikitosha, waya nao unakula chake. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.2, kwenda na kurudi, ukipitisha ampea 2 unapoteza volti 0.4. Tano toa hizo, ubao unapata 4.6, na radi inawaka. Hapo prosesa inapunguza kasi ili isizimike, emyuleta, yaani programu inayoiga PlayStation, inashindwa kutoa picha 60 kwa sekunde, na sauti ndiyo inayoumia kwanza. NES haionyeshi dalili kwa sababu kazi yake ni ndogo mno.

Hakikisha kabla ya kununua chochote. Cheza kama dakika 10, toka kwenye mchezo, bonyeza F4 kwenye kibodi ili ufike kwenye skrini ya amri, kisha andika:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa 0x0, stima iko sawa. 0x50000 maana yake volti zilishuka na kasi ikapunguzwa wakati fulani tangu ulipowasha. 0x50005 ni kwamba jambo hilo linaendelea sasa hivi.

Dawa ni chaja ya Raspberry Pi 4 yenyewe: volti 5.1, ampea 3, waya umeshikana na chaja. Ile 0.1 ya ziada si urembo, ni fidia ya kinachopotelea njiani. Ukishuka Luthuli kwenye maduka ya elektroniki usiulize "chaja ya Type-C" tu, utapewa ya simu na utarudi ulipotoka. Jambo jingine: ubao ukigoma kuwaka kabisa kwa waya wa laptopu wenye chipu ndani, huenda ni toleo la mwanzo, Rev 1.1, lililokuwa na kasoro kwenye tundu la USB-C. Kuanzia Rev 1.2 ilirekebishwa. Toleo lako utaliona kwa kuandika cat /proc/cpuinfo. Liko mstari wa mwisho.

Radi ikiisha na mchezo bado unasuasua, andika vcgencmd measure_temp. Kwenye nyuzi 80 ubao unajipunguza kasi, na boksi la plastiki lisilo na matundu hufika huko upesi. Bandika vipande vya kupozea, au funga feni: waya mwekundu pini ya 4, mweusi pini ya 6.

Sasa faili. Menyu ya RetroPie huonyesha mchezo kwa kuangalia herufi za mwisho za jina lake. Kwa NES zip inakubalika. Kwa PlayStation haimo kwenye orodha. Zifungue kwenye kompyuta, utapata bin, yenye mchezo wenyewe, na cue, inayoelekeza kwenye bin. Cue ni maandishi tu, ifungue kwa Notepad. Mstari wa FILE lazima utaje jina la bin herufi kwa herufi, kubwa kwa kubwa. Windows haijali Mchezo.BIN na mchezo.bin, Linux inaziona faili mbili tofauti. Ukibadilisha jina la bin bila kugusa cue, mchezo utaonekana kwenye menyu, ukiubonyeza skrini inakuwa nyeusi kidogo halafu unarudishwa ulikotoka.

Mimi ningependelea CHD, aina ya faili inayobana diski nzima ya mchezo: faili moja badala ya mbili au ishirini, nafasi kidogo, na hakuna data inayopotea. Kwenye Ubuntu weka mame-tools, kisha:

chdman createcd -i mchezo.cue -o mchezo.chd

Iweke ndani ya roms/psx, kisha Start, Quit, Restart EmulationStation (ndiyo menyu yenyewe). Bila kuianzisha upya hutaona kitu kipya.

Faili ya BIOS, ile programu ya kuwashia PlayStation, mfano scph5501.bin, inakaa kwenye folda ya BIOS, si ya michezo, jina likiwa kwa herufi ndogo. Iwe baiti 524,288 kamili. Pungufu ya hapo imeharibika. Emyuleta ya PlayStation, lr-pcsx-rearmed, ina mbadala wake na itawasha bila hiyo, ila michezo mingine hugoma. Toa nakala kwenye PlayStation yako mwenyewe: ni programu ya Sony, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta. Kwa hiyo usitarajie kiungo cha kupakulia hapa.

Kuna la mwisho hukuliuliza, lakini uko Nairobi na stima itakatika tu. Ulichohifadhi kwenye memori kadi ya mchezo bado kiko kwenye RAM. Kinaandikwa kwenye kadi ya SD unapotoka kwa Select na Start. Stima ikipotea kabla, saa zako tatu zimeenda. Fungua /opt/retropie/configs/all/retroarch.cfg na uweke:

autosave_interval = "60"

Sasa itaandika kila baada ya sekunde 60. Na kuzima ni kwa menyu, Quit kisha Shutdown System, usubiri taa ya kijani iache kumetameta ndipo uzime soketi. Kadi iliyokatiwa stima ikiwa inaandikwa inaweza kugoma kuwaka tena, na itabidi uipige RetroPie upya.