Muulize Bwana Samaki: Sato na kambale kwenye baridi, wanakua au wanateseka?

Juni ikiingia tu simu yangu haipumziki, wote wanauliza kitu kimoja, samaki hawali, samaki hawakui, samaki wamekufa usiku. Mwezi huu nimechagua barua tatu, mbili za milimani huku kwetu na moja ya Ulaya.

SWALI: Habari za kazi Bwana Samaki. Nina bwawa la mita 10 kwa 15 hapa Njombe, niliweka sato toka Septemba na mpaka leo wengi hawajazidi kiganja. Sasa wiki mbili hizi hawali kabisa, chakula kinaelea mpaka kinalowa. Jirani anasema chakula kibovu, mwingine ananishauri nitoe sato niweke kambale wakubwa maana hao ni wagumu. Nifanyeje? – Baba Neema, Njombe

JIBU: Pole sana Baba Neema, na kabla hujagombana na muuza chakula naomba utafute kipimajoto cha maji. Kifunge kamba na kijiwe, kishushe mpaka kina cha mkono hivi, kiache dakika kadhaa, usome saa 12 asubuhi na tena saa 9 alasiri, uandike kwenye daftari wiki nzima. Pima maji, sio hewa, na pima asubuhi kwanza, kwa sababu watu wengi wanakwenda bwawani mchana jua limewaka wanatumbukiza mkono wanasema mbona ya moto haya.

Samaki hana joto lake mwenyewe, joto la mwili wake ni la maji aliyomo. Sato, ndiye tilapia, anapenda nyuzi 27 mpaka 30, hapo anakula kwa fujo na ndani ya miezi 6 mpaka 8 ana uzito wa sahani. Maji yakishuka chini ya 20 hivi kuzaliana kunakwama, yakifika 16 au 17 anaacha kula, na yakielekea 11, 10, anaanza kufa. Huko Njombe mwezi huu wa 6 na wa 7 asubuhi ni baridi kali kweli, na wenzako wa Makete wanaamka wanakuta barafu kwenye majani ya viazi, kwa hiyo mimi siamini kabisa kwamba tatizo ni chakula. Nenda bwawani asubuhi uangalie, utawakuta wamejikusanya chini kona moja, hawakimbii ukipita, na ukimshika mmoja kichwa kikubwa mwili mwembamba. Huyo ni samaki aliyepoa, tumbo lake halisagi kitu.

Sasa kinachoua zaidi ya baridi yenyewe ni huruma ya mfugaji. Unaona hawali unaongeza, kinazama, kinaoza, kinatoa amonia, na samaki ambaye kinga yake imeshalala anaunguzwa mashavu. Kwa hiyo kuanzia leo lisha mara moja tu kwa siku, saa 8 au 9 mchana maji yakiwa yamepata jua, punje chache, wakiwa hawajamaliza ndani ya robo saa basi mpaka kesho, na siku ambayo maji yapo chini ya 16 hata saa hizo za mchana usitupe kitu kabisa, hawatakufa njaa kwa siku chache. Na tafadhali usivute wavu kipindi hiki kwenda kuwaangalia wamefikia wapi! Magamba yakikwanguka kwenye maji ya baridi kidonda hakifungi, siku chache unaona ukungu mweupe kama pamba ubavuni, na huyo kupona ni kazi.

Bwawa lenyewe lina mambo mawili matatu. Hujaniambia maji unatoa wapi lakini Njombe wengi mnachepusha mto unapita bwawani usiku na mchana, mnaona ni vizuri maji mapya, kumbe mnaleta baridi ya mlimani kila dakika na mnasukuma nje yale yaliyopata jua. Funga mfereji, ongeza tu kinachopungua. Angalia wasije wakawa juu wanahema alfajiri maana hewa ya kwenye maji huwa chini zaidi kabla ya jua kutoka, ukiona hivyo ndio ufungulie kidogo. Kina kiwe mita 1.2 mpaka 1.5, maana bwawa la magotini linapoa lote usiku mmoja. Halafu kuna hili la kivuli ambalo watu hawaliwazi kabisa, mwezi wa 6 jua kwa kwenu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo mti ulioko kaskazini mwa bwawa ndio unaokuibia joto, punguza matawi, na uzio wa matete au mabanzi weka upande wa kusi ukukinge na ule upepo, kivuli chake hakitaangukia maji msimu huu.

Kuhusu kambale, jirani yako ana nusu ya ukweli. Kambale anavumilia baridi kuliko sato, anaweza kufika nyuzi 8 na asife, na ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu kwa hiyo hata maji yakichafuka anadunda. Lakini kuvumilia sio kukua. Anapenda 25 mpaka 30 kama mwenzake, kwenye 16 atakaa tu chini anasubiri, mwaka unaisha umelisha umepata masharubu. Tena ukiweka kambale wakubwa juu ya hao sato wako wa kiganja watawamaliza, na usiku wa mvua kambale anatambaa nje ya bwawa anaenda zake, kwa hiyo uzio ni lazima.

Mimi ningekuwa wewe ningecheza na kalenda. Hao ulionao wavushe baridi salama, wakianza kula vizuri Septemba wanenepeshe kisha uvune. Msimu ujao usinunue vifaranga wa gramu 2, nunua waliokwisha kuzwa ukanda wa joto mpaka gramu 30 au 50, madume tupu, uwaweke Oktoba na uwatoe Mei kabla kipimajoto hakijaporomoka. Watakugharimu zaidi kwa kichwa lakini miezi yako ya joto yote itakwenda kwenye nyama.

SWALI: Sasa Bwana Samaki, mimi niko Limuru na niko na pond ya damulaina, ile nailoni ya kutandika chini, maji ni ya borehole. Nataka tilapia wakubwa, wale wa kilo moja. Nikijenga grinihausi juu ya pond itasaidia ama ni kupoteza pesa? – Wa Limuru

JIBU: Itasaidia, lakini kilo moja Limuru sikuahidi. Mko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na Julai kwenu kuna siku jua halionekani kabisa, na grinihausi haitengenezi joto, inashika lile lililoletwa na jua. Ile nailoni ya juu inakuongezea nyuzi kadhaa na kikubwa zaidi inazuia maji kupoa usiku. Mchana fungua pembeni hewa ipite, kwa sababu maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo na ukifunga kila kitu utawakaba. Damulaina nyeusi uliyonayo ni nzuri, inavuta jua. Maji ya borehole usiyaingize moja kwa moja, yanatoka chini bila hewa ya kutosha, yapitishe kwenye tangi yarushwe kwanza.

Piga hesabu ya mbao na nailoni dhidi ya samaki wa gramu 250 au 300, hao unaweza kuwapata. Kama roho yako iko kwa samaki mkubwa na maji ya kwenu ni baridi, angalia samaki anaitwa kapu (carp), anavumilia baridi vizuri na anakua mkubwa hasa. Trauti pia huwa wanafugwa Kiganjo kule Nyeri, ila trauti anataka maji baridi yanayotembea muda wote, yakipita nyuzi 20 anataabika, kwa hiyo pond ya borehole iliyotulia usimuweke.

SWALI: Shikamoo. Naishi Leicester, Uingereza. Nina kambale wa Amazon yule mwenye mkia mwekundu, nilimnunua mdogo sasa ana sentimita 60 na tangi la ndani limemshinda. Naweza kumhamishia bwawa la nje bustanini angalau summer? – Mama Aisha

JIBU: Marahaba Mama Aisha. Hapana, usimtoe. Huyo anapita mita 1 akikomaa na anataka maji yasiyoshuka chini ya nyuzi 21 hivi, na bustani ya Leicester hata Julai usiku maji yanashuka chini ya hapo. Ukisema uweke hita, bwawa la lita 10,000 kulipandisha nyuzi 10 tu kunakula karibu yuniti 116 za umeme, hiyo ni kupandisha mara moja, bado joto linalokimbia kila usiku. Bwawa lake liwe ndani ya jengo lililozibwa vizuri, kwenye gereji au banda, maji yafunikwe juu, na pande zote na chini yawekwe povu la kuzuia joto.

Kama huna uwezo huo anza leo kuulizia kwenye vilabu vya wafugaji wa samaki wakubwa, wapo wenye mabwawa ya ndani, ila usichelewe maana wanaotaka kuachana na samaki hawa ni wengi na nafasi ni chache. Mtoni usimwachie hata kwa huruma, ni kosa kisheria huko na baridi ya Novemba itamuua taratibu.

Bwawa la bustanini weka koi, yule kapu wa mapambo. Anafika sentimita 60 na zaidi, ukimpa kina cha mita 1.2 kwenda chini anapita winter barafu ikiwa juu yake, utoboe tu sehemu moja ya barafu hewa itoke, kwa kuweka sufuria ya maji ya moto juu yake, usigonge kwa nyundo. Na maji yakishuka chini ya nyuzi 10 acha kumlisha mpaka spring.