Shoveli ya cheni: anza kuikagua chini

Maswali mliyoniletea safari hii yote yanahusu shoveli ya cheni iliyotumika, ile mashine yenye ndoo mbele kama shoveli ya magurudumu lakini hutembea kwa cheni kama doza. Nimeyafupisha, majina nimeyaondoa.

Nimeonyeshwa Caterpillar 955L huko Miritini. Rangi mpya, mita yasoma saa 4,800 za kazi. Muuzaji asema haijafanya kazi sana. Nimwamini? (Jomvu)

Ndugu yangu, 955L ni mashine ya miaka ya 1970. Gawanya saa hizo kwa umri wake, utapata kama saa mia kwa mwaka, na mashine ya mkandarasi mwenye kazi hupita saa elfu kwa mwaka bila taabu. Basi ama mita ilikufa zamani, ama si ile iliyotoka nayo. Muuzaji si lazima awe mwongo, huenda naye aliikuta hivyo.

Mita iache. Tazama anapogusa opareta kila siku: kanyagio zilizolika mpaka zikang'aa, levya zinazochezacheza, kiti kilichozama. Kisha chukua tochi upitie mikono ya ndoo na pale inaposhikana na bodi. Chuma kilichochomelewa vizuri hakinitishi. Kinachonitisha ni ufa mpya unaotambaa kando ya mchomo wa zamani, na rangi mpya hupakwa hapo kwanza. Mwisho, opareta akandamize ndoo ardhini mpaka pua ya mashine iinuke kidogo, nawe usimame kando ukitazama pini. Mkono ukisogea kabla pini hazijashika, bushi, ile mirija ya chuma inayozunguka pini, zimekwisha.

Mimi nachimba mawe Mtwapa. Fundi wangu ameangalia cheni akasema "bado nusu". Nusu ya nini, na alijuaje kwa macho? (Mtwapa)

Hakujua. Alikisia, na makisio hapa ni ghali. Wenye mashine za cheni huhesabu kwamba karibu nusu ya fedha ya matengenezo huishia chini: cheni, rola zinazobeba uzito juu yake, sproketi yenye meno inayoizungusha, na mabati, yaani vile vibao vya chuma vinavyokanyaga ardhi. Mchanga wetu wa matumbawe ukichanganyika na maji hula chuma usiku na mchana, kwa hiyo mashine iliyochimba Pwani huwezi kuilinganisha kwa saa na iliyochimba udongo mwekundu wa bara.

Cheni hairefuki kwa sababu chuma kimevutika. Hurefuka kwa kuwa pini na bushi zimelika. Kwa hivyo pima. Simamisha mashine mahali tambarare, weka pini kuukuu kati ya jino la sproketi na cheni, kisha opareta arudi nyuma kidogo sana ili cheni ikazike. Mtu asiwe karibu inapotembea. Breki ikifungwa, pima kwa futi kamba kutoka ukingo wa pini moja hadi ukingo uleule wa pini ya tano, usihesabu pale cheni inapofungiwa. Hivyo ni viungo vinne. Cheni ambayo kiungo chake kipya ni milimita 203 itasoma milimita 812 ikiwa mpya. Kila milimita inayozidi ni uchakavu, na jedwali la mtengenezaji litakuambia kikomo. Pima pande zote mbili.

Hesabu pia idadi ya viungo, kulia na kushoto. Kuna wajanja hutoa kiungo kimoja ili cheni iliyolegea ionekane imekaza, na mnunuzi akapiga picha akafurahi. Ukikuta upande mmoja umepungua, au silinda ya grisi inayokaza cheni imetoka mpaka mwisho, ujue pamekwisha.

Bushi zilizolika upande mmoja huweza kutolewa kwa presi na kugeuzwa, mradi hazijalika kupita kiasi. Waliozoea huliona hilo kama maisha ya pili ya cheni. Muulize muuzaji kama zimeshageuzwa. Kama ndiyo, bei ishuke, kwani maisha ya tatu hakuna.

Usisahau rola za mbele. Ndoo ikijaa, uzito wote huhamia mbele, ndiyo maana kwenye shoveli rola za mbele na lile gurudumu lisilo na meno huchoka mapema kuliko za nyuma. Angalia na mabati: ya doza huwa na ubavu mmoja mrefu unaouma ardhi, ya shoveli kwa kawaida mbavu mbili fupi, maana shoveli hugeuka kila mara. Ukikuta ubavu mmoja, kuna mtu aliokota mabati ya doza, na kila akigeuka cheni imekuwa ikiteseka.

Jaribio la mwisho ni la bure. Ikishafanya kazi nusu saa, izimwe, kisha karibisha mgongo wa mkono kwenye pini moja baada ya nyingine. Ile ya moto kuliko wenzake imekauka mafuta ndani.

Shikamoo fundi. Nataka 963 kwa sababu haina klachi za kukatia kona. Asubuhi tuliiendesha, ilikuwa nyepesi kama baiskeli. Nilipe? (Likoni)

Marahaba, mwanangu. Usilipe bado. Kwenye 963 kila cheni ina pampu na mota yake, na pampu iliyochoka hujificha oili ikiwa baridi. Rudi saa saba mchana, ifanye kazi saa nzima. Oili ikishakuwa moto isukume kwenye kichuguu kigumu: cheni zote mbili zizunguke. Izungushe papo hapo kulia, kisha kushoto. Iendeshe moja kwa moja bila kurekebisha. Ikivuta upande mmoja au kuishiwa nguvu upande mmoja, hapo ndipo palipo na bili. Fundi apime shinikizo kwa geji na kupasua filta ya oili. Vumbi la njano la shaba humo ndani ni pampu inayojisaga.

Nikifika hukuta injini imeshawashwa. (Changamwe)

Mwambie utarudi kesho, iachwe baridi, maana injini iliyokwisha pata moto huficha ugonjwa wake. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili: moshi ukitoka kwa kishindo, pistoni zimechoka. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji.

Jirani auza shoveli iliyotoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni. Logbook, ile hati ya umiliki, hana, asema mashine ya cheni haihitaji. (Kisauni)

Shangazi, hayo ni mambo mawili. Chumvi kwanza: vua soketi za nyaya uone ukijani, tazama rejeta kama mapezi yake yanabomoka kwa kidole. Nyaya zilizooza zitakusumbua kuliko injini.

Karatasi sasa. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, husajili mashine nzito, na utaziona barabarani kwenye lobedi, zile trela za chini, zikiwa na namba zinazoanza KHM. Iliyoagizwa nje iwe na karatasi za forodha za KRA, mamlaka ya ushuru. Soma namba ya mashine kwenye kibati na ile iliyogongwa kwenye bodi, zilingane na karatasi. Kibati chenye riveti mpya kwenye bodi kuukuu kina hadithi yake. Jirani au si jirani, bila karatasi sinunui.

Naipeleka kazi ya Diani. Je, ijiendeshe kutoka Changamwe? (Mikindani)

La. Cheni zitaharibu lami, na safari yenyewe itakula maisha ya chini yote uliyoyalipia. Kodi lobedi, upite barabara ya Dongo Kundu, feri ya Likoni huihitaji tena. Dereva apime kimo cha mzigo ndoo ikiwa imelala, na cheni zisafishwe udongo kabla ya kupanda. Gharama hiyo itoe kwenye bei unayompa muuzaji, maana utailipa kila unapohamisha kazi.