Mount Washington kwa baiskeli: piga hesabu ya gia kabla ya kulaumu miguu

Mkuu, umeuliza kama baiskeli yako ya mashindano, yenye gia ya meno 34 mbele na 28 nyuma, itatosha kupandia barabara ya Mount Washington kule New Hampshire, Marekani, na ujiandae vipi wakati unakoishi ni tambarare tupu. Nimeipanda kwenye mbio za baiskeli za kupanda mlima huo zinazofanyika Agosti, tena si mara moja. Jibu fupi ni kwamba miguu yako huenda ikatosha. Gia hiyo haitoshi.

Barabara ina kilomita 12.2 na inapanda mita 1,400 hivi, wastani wa mwinuko wa asilimia 12, yaani mita 12 juu kwa kila mita 100. Wengi huilinganisha na Alpe d'Huez ya Ufaransa kwa kuwa urefu unakaribiana, kilomita 13.8. Lakini ile wastani wake ni asilimia 8.1, na ina kona 21 ambazo nyingi zimelala kidogo, kwa hiyo unaiba pumzi mbili tatu kila ukizunguka. Hii ya Mount Washington, iliyofunguliwa mwaka 1861 enzi za magari ya farasi, haikupi nafasi hiyo. Ukiacha kukanyaga, umesimama.

Sasa hesabu. Tuseme una kilo 75 na baiskeli ina kilo 8. Ukitoa wati 220 mfululizo, na hizo si haba kwa mtu anayeamkia kazini, utapanda kama mita 900 za kwenda juu kwa saa. Yaani saa moja na nusu na ushee mpaka kileleni, kwa mwendo wa kilomita 7.5 kwa saa. Kwa gia yako, mwendo huo ni mizunguko 49 ya pedeli kwa dakika. Dakika kumi utavumilia, ila saa nzima magoti yatakushitaki. Halafu kuna kipande cha mwisho kabisa, pale mbele ya utepe, chenye asilimia 22. Kwa nguvu zile zile mwendo unashuka hadi kilomita 4 kwa saa na pedeli inazunguka mara 27. Hapo ni kama kupanda ngazi umebeba gunia: kila hatua unaisukuma peke yake.

Mimi nilifunga meno 30 mbele na 36 nyuma, gia nyepesi zaidi. Kwa hesabu hiyo hiyo unapata mizunguko 71 kwenye wastani na 39 pale mwisho. Nilipita watu wenye nguvu kunizidi wakiwa wanasukuma baiskeli kwa mkono. Kwa hiyo hela ya magurudumu mepesi iweke kwanza kwenye gia. Kilo moja ukiipunguza inakuokolea kama dakika moja tu kwenye safari nzima. Gia ndiyo inayoamua kama utafika umekaa kwenye siti. (Najua humu kuna mabingwa wa kupima boliti kwa mizani. Samahani wakuu.)

Kuhusu kuanza: mwinuko unakupokea palepale, hakuna kupasha moto njiani. Pasha kabla, kisha kilomita ya kwanza panda polepole hadi uone aibu. Ukiuzidi uwezo wako pale chini hutapata mahali pa kuurudisha. Panapokuwa wima sana, sogea kwenye ncha ya siti na uinamishe kifua, la sivyo gurudumu la mbele linanyanyuka. Ukisimama kukanyaga, usiegemee mbele mno, la nyuma litateleza. Ukishuka kwenye baiskeli, usijaribu kuipanda tena ukiwa umeelekea juu. Weka baiskeli kimshazari, angalia nyuma, ondoka.

Mazoezi ya tambarare yanawezekana. Kinachokosekana kule si nguvu, ni kukanyaga bila kupumzika. Tafuta upepo wa usoni, weka gia nzito, kanyaga mizunguko 50 hadi 60 kwa dakika 20 bila kuachia hata kidogo. Pumzika, rudia. Ongeza taratibu mpaka ufikishe saa nzima ya kazi. Kama una mashine ya kufungia baiskeli ufanye mazoezi ndani ya nyumba, inua gurudumu la mbele kidogo ili mgongo uzoee ule mkao, maana kiuno hulalamika kabla ya mapaja.

Mavazi nayo yana mtego. Kwa mwendo ule hakuna upepo wa kukupoza, unalowa jasho chini kwenye miti. Ukivuka mstari wa miti, pale miti inapokoma kuota, mambo yanageuka. Kilele, chenye mita 1,917, ndiko ulikopimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa tarehe 12 Aprili 1934. Hutakutana na huo Agosti, lakini hata wa kawaida unaweza kukusukuma pembeni ukiwa kwenye mwendo wa kutembea. Koti na suruali ya joto vitangulie kileleni.

Vitangulie na nini? Na gari. Baiskeli haziruhusiwi kwenye barabara ile siku za kawaida, na hata siku ya mbio huruhusiwi kushuka nayo. Magari yanapanda kabla ya mbio na kuwasubiri juu, kwa hiyo tafuta mapema mtu wa kukushusha na muulize kama gari lake lina nafasi ya baiskeli.

Muda usikuumize kichwa. Mwendesha baiskeli Mmarekani Tom Danielson alitumia dakika 49 na sekunde 24 mwaka 2002, na Mfaransa Jeannie Longo, bingwa wa wanawake, dakika 58 na sekunde 14 mwaka 2000. Sisi wengine tunashindana na saa mbili. Tuandikie una kilo ngapi na gia ya nyuma inapokea meno mangapi mwisho, tukupigie hesabu yako.